Miti Kwenye Shamba la Kukodi

Siku niliporudisha funguo za kitalu, Espérance, aliyechukua nafasi yangu, aliniomba niwaandikie ninyi wadogo zangu wa kitaluni namna ya kuotesha miche isife. Nimekaa mezani hapa Kasha tangu asubuhi, chai imepoa, na naona nitaanza na miche yangu iliyokufa. Ile iliyopona mnaiona wenyewe mkipita barabara ya Kalehe. Mambo ya vyeo na mishahara sitayagusa. Yamo kwenye faili, na faili ile panya waliianza kabla yangu.

Mimi ni mtoto wa mjini, wa hapa Kasha. Baba alifanya kazi kiwandani, mama aliuza mboga, na kiwanja chetu kilikuwa kidogo hata ukimwaga maji ya vyombo, jirani anakuja kuuliza. Nilisoma kilimo kwa sababu shule ya kilimo ndiyo iliyokuwa na nafasi. Siku ya kwanza nilifika kitaluni nikiwa nimevaa viatu vyeupe. Papa Mushagalusa, mkuu wa kitalu, aliviangalia kwa muda mrefu, halafu akaniangalia usoni.

"Mutoto ya Kasha," akasema, "hii viatu iko muzuri sana. Uende uviweke mu kabati. Utavivaa siku ya pension."

Nilifanya kazi siku ile peku. Kitalu kilikuwa mteremkoni, ziwa chini yetu na msitu juu yetu. Tulichekecha udongo kwa wavu uliotolewa kwenye dirisha la zamani, tukauchanganya na samadi iliyokwisha kupoa, tukajaza viriba vya plastiki mpaka vidole vikafa ganzi. Kivuli tulikitengeneza kwa kangaga. Kumwagilia tulitumia kopo la maziwa ya unga lililotobolewa kwa msumari. Miaka ya baadaye mradi fulani ulituletea vyombo vya kumwagilia vya kisasa, vyekundu, vikaharibika vyote. Kopo lipo hadi leo, limening'inia nyuma ya mlango, na naomba mtu asilitupe.

Papa Mushagalusa alipenda miti yote kama mwalimu anavyowapenda wanafunzi wote, maana yake alikuwa na mmoja wake. Wake ulikuwa muhumbahumba. Mnaujua, ule mti mkubwa wa msitu wa juu ambao watu huchuna gome lake kuuza dawa mpaka unakauka umesimama. Mbegu yake haina subira hata kidogo. Mbegu ya mkaratusi unaweza kuiweka kwenye chupa ukaisahau. Ya muhumbahumba ukiikawiza siku chache imekufa, na kwa macho huwezi kujua. Utaipanda, utaimwagilia, utaisubiri miezi miwili kwa heshima zote, kumbe unamwagilia maiti.

Alikuwa na mti mmoja mama ukingoni mwa msitu, mwendo wa nusu siku kutoka kitaluni. Alikuwa ameufunga kitambaa chekundu cha kitenge shinani ili wachoma makala, yaani makaa, wajue kwamba una mtu. Kabla ya kuokota mbegu aliweka kiganja kwenye gome akakaa kimya. Nilimwuliza kama ni maombi. Akasema hapana, anatafuta pumzi, kilima ni kirefu.

Sasa sikilizeni jambo hili, maana ndilo lililonifanya nichukue kalamu. Mtu alipokuja kuomba miche, Papa Mushagalusa alimkalisha kwenye kigogo, akamwuliza habari za nyumbani, habari za maharagwe, habari za mvua. Halafu, kama mtu anayetafuta tu cha kuongea, akauliza: "Na ule udongo ni ya nani?" Wengine aliwapa miche. Wengine aliwaambia warudi na mtu fulani, mwenye shamba, au kaka wa mume. Haya yote hayakuandikwa popote. Daftari letu lilikuwa na safu tatu: jina, kilima, idadi ya miche. Mimi nilidhani ni maneno ya wazee, kwamba anapenda stori. Foleni ilikuwa ndefu, jua linachoma, naye anauliza habari za shangazi wa mtu.

Na msitu ulikuwa unarudi nyuma. Mwaka wangu wa kwanza tulifika ukingoni kabla ya saa nne asubuhi. Mwaka wa sita tulifika saa sita. Sikuhitaji mtu wa kunieleza ulikokwenda. Niliuona nyumbani kwetu Kasha, magunia ya makala yamefungwa nyasi mdomoni, mama yangu akipepea jiko. Maharagwe yanataka masaa matatu, na sisi tulikuwa watoto wanane. Niliula ule msitu kwa sahani, mimi na mji mzima. Kwa hiyo sikuwahi kuwasema wachoma makala kwa ukali. Wenye ukali mara nyingi ni wale wanaopikiwa.

Pamoja na msitu, mambo mengine yalianza kuondoka. Vijito vilivyokuwa vinanywesha vijiji vikawa vya msimu. Mvua ilichelewa, halafu ikaja yote kwa siku moja, ikabeba mteremko mzima na mihogo ya watu. Mwaka mmoja tulikuta mabaki ya shamba barabarani, mistari ya viazi bado imenyooka, imehama tu na mwenyewe hayupo.

Ndipo Papa Mushagalusa alipoumia nyonga akarudi kwao. Nikabaki mimi mkuu. Mwaka ule mradi uliotufadhili ulitaka miche mingi itoke, na itoke haraka, kabla ya wageni kuja kupiga picha. Nikapanga foleni vizuri. Jina, kilima, idadi, mwingine. Kigogo cha kukalia nilikihamisha nyuma ya stoo. Watu walinisifu kwamba sasa kazi inaenda, nami nilifurahi sana, siwafichi.

Katika foleni ile alikuwemo Nsimire. Alikuwa kijana bado, na mtoto wake Furaha mgongoni, kitunga kimefungwa kwa kamba inayopita kwenye paji la uso, kama wanavyobeba mama zetu wote wa vilima. Mumewe, Bisimwa, alikuwa ameacha kuchoma makala kwa sababu shamba lao la mteremkoni lilianza kuwalisha. Nsimire alipokea miche ya muhumbahumba kwa mikono miwili. Halafu akasita.

"Maman, na mwenye udongo je? Sisi tuko mu bwasa tu."

Ninyi mliozaliwa vijijini mmekwisha kushtuka. Mimi sikushtuka. Neno nililijua kama mtu anavyojua jina la mtaa ambao hajawahi kufika. Nilimwambia, "Mti hauna ubaya, Nsimire. Hata yeye atashukuru. Mwingine!"

Miezi mitano baadaye nilipanda kilima chake kukagua. Shambani kwa Nsimire nilikuta mistari ya miche imeng'olewa yote, imelazwa juu ya udongo kwa utaratibu, mizizi kwa upande mmoja na majani kwa upande mwingine. Mtu mwenye hasira angeitupa. Huyu alikuwa ametaka ionekane. Nyumba ilikuwa wazi, jiko limejaa majivu yaliyolowa.

Jirani mmoja, mama mtu mzima aliyekuwa anapalilia, alinieleza bila hata kuinua mgongo.

"Muzee Cirhuza, mwenye udongo, amebafukuza. Weye ndiye ulibapatia ile miti?"

"Ndiyo, maman."

"Haukusoma?"

"Nilisoma."

"Basi hawakufundisha." Ndipo akainuka. Akanifundisha yeye, pale pale, jembe mkononi. Ukitoa kalinzi, yaani ng'ombe au mbuzi mbele ya mashahidi, udongo ni wako na wa watoto wako. Ukiwa kwenye bwasa, umekodi tu kwa msimu, unampa mwenye udongo siku zako za kazi au sehemu ya mavuno. Unapanda maharagwe, mahindi, viazi, vitu vinavyotoka na msimu. Hata mgomba hupandi. Mti unakaa kuliko mtu, na mwenye mti kesho atasema udongo ni wake. Anayepanda mti kwenye bwasa anamtangazia mwenye shamba kwamba anataka kumnyang'anya. "Muzee alisema: huyu mwanamuke anangoja nikufe."

Nilimwuliza wameenda wapi. Akaonyesha juu kwa kidevu. Juu kulikuwa na msitu, na moshi.

Nilipanda siku ya pili na mlinzi wetu wa kitalu. Nilitembea nikiwa na aibu kiasi kwamba sikuhisi miguu. Tulifika kwenye uwazi mpya, visiki bado vinatoa maji. Bisimwa alikuwa anafunika tanuru la makala kwa udongo. Aliponiona aliangalia chini, kama mtoto aliyekutwa na sukari, na jambo lile liliniumiza kuliko kama angenitukana. Nsimire alitoka kwenye kibanda cha majani.

"Karibu, Maman. Haiko nyumba, lakini karibu."

Nyuma yake ulikuwa umelala mti mkubwa, matawi yake yamejaa matunda madogo mekundu yanayoelekea weusi. Nilijua kabla ya kuuliza. Niliangalia shinani, kitambaa hakikuwepo.

"Nsimire, huu mti ulikuwa na kitambaa."

"Ndiyo." Aliingia kibandani, akatoka na kile kitambaa, kimekunjwa vizuri. "Nilikitosha ku muti mbele ya kuukata. Nilisema, pengine mwenyewe atakuja kukiuliza. Maman, utusamehe. Mutoto alishinda siku mbili na maji tu."

Nililia. Nawaambia ili msidhani kwamba kitambulisho cha kazi kinazuia. Nililia mbele ya watu nilioenda eti kuwakemea, na Nsimire, ambaye nilimpotezea shamba, ndiye aliyenifuta uso kwa pembe ya kitenge chake. Halafu akanipa kiazi kilichookwa kwenye makaa. Kilikuwa kimeiva kwa mti wa Papa Mushagalusa. Nilikila chote, maana kukikataa kungekuwa tusi la pili.

Furaha ndiye aliyetuzindua. Alikuwa amekaa ndani ya matawi yale yaliyoanguka, anaokota matunda na kuyapanga kwenye jani. Niliangalia matunda. Yalikuwa yameiva sawasawa, mti ulianguka wiki yake hasa. Nikamwambia Nsimire kwamba mbegu hizi hazisubiri. Alifunga mtoto mgongoni akaingia kwenye matawi, nami nikaingia upande wa pili, na Bisimwa akaacha tanuru lake akaja. Tuliokota mpaka jua likawa upande wa pili wa kilima. Zilizo bora tulizifunga ndani ya kile kitambaa chekundu.

Nilizipanda kesho yake asubuhi. Mchana nilikwenda kwa Papa Mushagalusa. Nilimkuta amekaa mlangoni, mguu umenyooshwa kwenye kibao. Niliweka kitambaa magotini pake. Alikitambua, akakilaza kwa mkono. Mpaka leo sijui aliulilia mti wake lini.

"Papa," nikasema baada ya kumweleza yaliyompata Nsimire kwa Cirhuza, "niliacha kuuliza udongo ni wa nani."

"Uliacha kuuliza, ao alikuambia na haukusikia?"

"Aliniambia."

"Basi ile ndiyo utaenda kusema kwa Cirhuza. Ile ingine uiache." Akanyoosha mkono. "Uniletee fimbo yangu. Na utafute kasigisi, pombe ya ndizi, lakini ile ya muzuri. Haiko ya kuleta kwa kikopo."

Tulichukua muda wa kawaida mara tatu, yeye na fimbo yake, mimi na kibuyu. Njiani tulimpitia Nsimire, nilikuwa nimemtumia ujumbe ashuke. Muzee Cirhuza alitupokea uwanjani, mashahidi wawili wakaitwa, pombe ikaonjwa na kusifiwa. Halafu Papa Mushagalusa akanigusa kwa fimbo kwenye kifundo cha mguu.

Nilisimama. Nilisema kwamba miti ile nilipanda mimi, kwa mkono wa Nsimire. Yeye aliniambia kwamba yuko kwenye bwasa, mimi sikumsikiliza kwa sababu nilikuwa na haraka na sikujua, na kutojua kwangu ni aibu yangu, siyo hila yake.

Muzee aliniangalia. "Weye ni binti ya nani?"

Nikamtajia baba na kilima alichotoka babu.

"Na babu yako hakukufundisha?"

"Babu sikumjua. Nilizaliwa Kasha."

"Kasha," akasema, na mashahidi wakatikisa vichwa kwa huruma, kama nimesema nilizaliwa hospitalini na sijatoka bado. Nadhani pale ndipo hasira yake ilipoanza kulegea. Lakini shamba hakulirudisha. Alisema amesikia, amesamehe, na udongo una mtu mwingine anayeuomba.

Ndipo Nsimire, aliyekuwa amepiga magoti pembeni muda wote, akaongea bila kuinua sauti.

"Muzee, ile mwaka mvua ilibeba shamba yako ya chini. Hii ya juu inaanza kupasuka, niliiona wakati nalima. Mupasuko inaingia mukono muzima. Kama hakuna kitu ya kushika udongo, itashuka. Itakuja hapa kwa nyumba. Miye sitaki udongo yako. Nataka isikufuate mu kitanda."

Muzee aliomba aonyeshwe. Tukapanda wote, wazee wanne na fimbo zao, Nsimire mbele. Aliingiza mkono kwenye ufa mpaka begani. Muzee akaingiza wa kwake.

Tulichokubaliana siku ile nilikiandika kwenye daftari la kitalu, na mashahidi wakaweka dole gumba. Miti itapandwa, na itakuwa ya Muzee. Mche wa kwanza wa kila mstari ataupanda yeye kwa mkono wake, ili asiwepo wa kusema vingine. Nsimire ataitunza, ataokota matawi makavu kwa jiko lake, na atalima katikati maadamu miti imesimama. Hakupewa shamba. Alipewa kubaki. Mnaweza kusema ni kidogo, na mimi nilisema hivyo njiani wakati wa kurudi. Papa Mushagalusa alinijibu kwamba mche nao ni kidogo.

Katika mbegu za kile kitambaa zilitoka kama nusu. Miche ilipofika urefu wa goti tuliipeleka. Muzee Cirhuza alipanda ya kwanza, magoti yake yakalia, akatuambia tusicheke. Kigogo cha kukalia nilikirudisha mbele ya stoo. Na kwenye daftari nilichora safu ya nne kwa rula: Udongo ni wa nani? Papa Mushagalusa aliiona kabla hajafa. Alisema rula yangu imepinda.

Miaka ilipita, mingi, na mingine ilikuwa ya kukimbia vita na kujificha ambayo ninyi pia mliiona. Msitu wa juu uliendelea kurudi nyuma. Siwezi kuwaambia kwamba tuliuzuia. Mji unapika kila siku. Lakini ufa wa kile kilima ulijifunga, na chini yake kuna kijito kinachopita hata mwezi wa saba.

Siku yenu ya kuniaga mnaikumbuka. Viti vya kukodi, soda, Espérance na hotuba ya kurasa mbili. Nilikuwa nimevaa viatu vyeupe. Vile vya kwanza viliisha zamani, hivi nilivinunua sokoni kwa ajili ya marehemu Papa Mushagalusa. Kabla hotuba haijaanza, Nsimire alitokea mteremkoni, kitunga mgongoni, kichwa kimekuwa cheupe. Alikishusha miguuni pangu. Kilijaa matunda, mekundu yanayoelekea weusi.

"Ni ya kwanza, Maman. Ile miti yetu imezaa. Zilianguka jana."

Mnajua mbegu hizi. Espérance alikunja hotuba. Tukakaa chini wote na nguo zetu za sikukuu, tukamenya matunda na kujaza viriba, na soda zikapata moto. Nsimire naye aliomba miche, ile mikubwa ya mwaka jana. Espérance akamkalisha kwenye kigogo, akafungua daftari, akaandika jina, kilima, idadi. Halafu akauliza kama tunavyouliza wote.

"Na ule udongo ni ya nani, Maman?"

Nsimire alifuta mikono kwenye kitenge, polepole, kidole kimoja kimoja.

"Ya kwangu."

Mimi nilikuwa na kiriba mkononi, nikakiweka chini.

"Mutoto ya Muzee Cirhuza alipokea kalinzi yangu juma iliyopita," akasema. "Mbuzi mbili. Bashahidi beko. Furaha pia alikuwa. Ni kile kipande cha chini ya miti."

Espérance aliinua kalamu aandike. Nilimwomba anipe mimi. Ilikuwa kazi yangu ya mwisho, na niliifanya nimepiga magoti kwenye udongo uliolowa, na viatu vyangu vyeupe. Fungueni mtazame, ukurasa bado una tope. Jina: Nsimire. Safu ya nne: wake.